Fenda ya Probox: kutoa iliyopondeka na kufunga ya mtumba uani, Malindi

Baba Probox · Barani, Malindi

Assalaam aleikum wadau, na wale wengine habari zenu.

Gari ni Toyota Probox ya 2010, nyeupe, chasi NCP51. Lori la mawe lilikuwa likirudi nyuma kwenye njia ya sokoni, utingo anapiga bodi "njoo, njoo", kumbe macho yake yako kwa muuza madafu. Fenda ya mbele kushoto, lile bati la ubavuni linalofunika tairi, ikakunjika kutoka kwenye taa hadi juu ya tairi. Taa ilipona, bampa ikachanika pembeni, mlango ukawa unafunguka kwa kukwaruza. Dereva alitoa alichokuwa nacho mfukoni tukaagana. Bima yangu ni thadi pati, kwa hivyo hailipii gari langu mwenyewe.

Nikazunguka kwa mafundi. Kila niliyemwonyesha dawa yake ni ile ile: nyundo, puti (ule udongo wa kujazia mabonde ya bati), rangi, uje Ijumaa. Sikutaka. Bati likishakunjwa vile hutanuka, na ukilipiga linyooke linabaki na matuta ambayo lazima yafunikwe na puti nene. Puti nene karibu na bahari naijua mwisho wake, nitaeleza mbele.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba fenda ya mbele haikuchomelewa. Imefungwa kwa bolti, karibu zote za spana namba kumi. Ya nyuma ndiyo iliyochomelewa na bodi, hiyo lazima ikatwe, msiichanganye na hii. Nikasema basi natafuta fenda nzima, nafunga mwenyewe chini ya mwembe.

Niliipata Mombasa, kwa hawa wanaouza vipuri vya magari yaliyokatwa nusu huko Japani. Nyeupe ile ile, namba ya rangi 058. Nyote mnayo namba yenu, iko kwenye kibati cha chasi pale palipoandikwa C/TR. Ipige picha kabla hujapanda gari kwenda kununua, kwa sababu "nyeupe" ya muuzaji na nyeupe ya Toyota ni vitu viwili. Na mwenye Probox aangalie mwaka: iliyotoka 2014 kwenda mbele ilibadilishwa uso, fenda yake haikai kwenye hizi zetu za zamani.

Kabla ya kulipa nilifanya hivi. Nilibeba sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa, nikaivika kitambaa isikwaruze rangi, nikaitembeza fenda yote. Inapong'ang'ania ni bati. Inapoteleza na kuanguka, chini yake kuna puti. Mbili za kwanza alizonitolea zilikuwa zinang'aa, ukijitazama unaweza kunyoa ndevu. Sumaku ikaanguka juu ya duara la tairi, zote mbili. Ya tatu ilikuwa chafu na ina mikwaruzo, lakini sumaku ilishika kila mahali.

Kisha nikaigeuza. Upande wa ndani hausemi uongo: alama za nyundo, bati lililobadilika rangi kwa moto, rangi iliyorushwa ovyo juu ya vumbi, vyote utaviona huko. Mwisho nikatazama matundu ya bolti. Tundu lililotanuliwa kwa tupa maana yake kuna mtu aliyeilazimisha mahali ikakataa.

Ziko mpya pia, za Taiwan na China. Nilizozishika mimi zilikuwa nyepesi, na matundu yake si lazima yakutane na ya bodi. Mwenye kuzipenda sibishani naye.

Kuisafirisha ndiko kulikonitia wasiwasi. Bati la fenda halifiki milimita moja, na likiwa nje ya gari linajipinda ukiliegemea tu. Niliifunga kwa godoro kuukuu, nikaisimamisha wima nyuma ya kiti cha mwisho cha matatu na nikailipia nauli ya mtu mzima. Kondakta akaniuliza huyu abiria anashuka wapi.

Naendelea baada ya kusikia maoni yenu.

Nahodha wa Mokowe · Lamu

Ami, sisi huku kisiwani fenda zetu zina masikio marefu, na zikigongwa zinarudisha teke.

Lakini mimi gari langu hulala bara, Mokowe, karibu na gati, na upepo wa bahari unalila usiku na mchana. Fenda ya kulia chini pale karibu na mlango imeshatoboka, kidole kinaingia. Kwa hivyo nasoma kila neno. Endelea.

Fundi wa Maweni · Malindi

Shekhe, ununuzi wako sina la kuutoa kasoro. Ila kabla hujafungua bolti hata moja, ndani umeangalia?

Nyuma ya fenda kuna bodi yenyewe. Kuna kikombe cha shoki, na juu yake kuna ule mhimili wa bati unaotoka kwenye nguzo ya mlango hadi kwenye fremu ya rejeta. Bolti za juu za fenda zinaingia kwenye mhimili huo. Kama lori liliusukuma, hata ulete fenda kutoka kiwandani haitakaa. Utahangaika na mwanya wa boneti mpaka Magharibi iadhiniwe.

Fungua boneti uchukue utepe. Pima kimshazari, kutoka bolti ya juu ya shoki ya kushoto hadi kona ya fremu ya rejeta upande wa kulia. Kisha kinyume chake. Tofauti ya milimita mbili tatu si neno. Ikikaribia kumi, funga boneti utafute mwenye mashine ya kuvuta bodi, hiyo si kazi ya uani. Tazama pia rangi ya ndani kwenye maungio. Bati lililosogea hupasua rangi na ile gundi ya kuzibia maungio, hutoa nyufa ndogo ndogo. Na ukiendesha barabara iliyonyooka, usukani unavuta?

Baba Probox · Barani, Malindi

Bwana fundi, shukran. Nilipima. Tofauti ni ndogo sana, gundi haikupasuka, usukani uko sawa. Lori lilisukuma kutoka ubavuni, si kutoka mbele, nadhani ndiyo salama yangu.

Sasa kufungua. Kitu cha kwanza ni betri. Toa waya wa hasi, kisha usiguse kitu kwa muda. Maelekezo ya Toyota ni kusubiri angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na umeme kidogo, na vihisio vyake vya mbele viko huko huko unakokwenda kugonga. Mimi nilikwenda kunywa chai.

Vifaa Nahodha ni vya kawaida: soketi ya namba kumi na ekstensheni yake ndefu, bisibisi bapa, bisibisi ya nyota, jeki, na stendi ya kuwekea gari. Stendi jamani, si tofali. Tofali la matumbawe hupasuka bila kuaga. Tairi likishatoka, plastiki ya ndani ya tairi inashikiliwa na klipu na skrubu chache. Klipu zilizokaa miaka na mchanga wetu huvunjika, kwa hivyo nunua mpya mapema.

Baada ya plastiki, bampa. Inatoka nzima, usijaribu kuikunja pembeni upitishe mkono. Kisha taa, kisha waya wa indiketa ya ubavuni kwa wenye indiketa kwenye fenda. Hapo sasa fenda imebaki uchi na bolti zake zote unaziona: mstari wa juu chini ya boneti, moja au mbili mbele karibu na taa, moja chini kabisa nyuma ya tairi, na moja iliyojificha. Hiyo ya mwisho iko juu ya nguzo ya mlango, huioni mpaka ufungue mlango wa mbele. Watu wengi wanavuta na kupinda fenda wakidhani imeganda, kumbe hawajaifikia hiyo.

Kaka Chumvi · Gongoni

Ya juu si tatizo. Ya chini ndiyo baba yao.

Mimi naishi kati ya Gongoni na Marereni, malori ya chumvi yanapita mlangoni, yanadondosha maji ya chumvi barabarani na tairi zetu zinayarusha ndani ya fenda. Ile bolti ya chini nyuma ya tairi hukaa kwenye matope yenye chumvi mwaka mzima. Ukiikamata kwa nguvu inakatika na kipande kinabaki ndani.

Ninavyofanya mimi: napiga brashi ya waya kwanza mpaka uzi wa bolti uonekane, naipulizia WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu, jioni na asubuhi tena. Kisha kabla ya kulegeza, naikaza kidogo, nywele tu. Ukisikia "tk", imeachia kutu. Hapo unalegeza robo, unarudisha, unalegeza tena. Ikikatika, bolti za hapo huwa za milimita sita: toboa kwa kekee ya milimita tano katikati kabisa, kisha pitisha tepu ya kukata uzi ya M6. Moto usitumie, karibu na hapo kuna plastiki, waya na rangi ya mlango.

Baba Probox · Barani, Malindi

Kaka Chumvi umenena. Yangu ilitoka, lakini kwa malalamiko.

Bi Mambrui

Samahanini kaka zangu, naingilia. Mimi gari langu ni la fedha, 1F7. Nilinunua fenda ya mtumba ya fedha, namba hiyo hiyo 1F7, nikafungiwa. Asubuhi inaonekana sawa. Jioni jua likiwa chini, fenda inaonekana ya gari jingine kabisa. Muuzaji aliniuzia uongo au macho yangu?

Fundi wa Maweni · Malindi

Dadangu, muuzaji hakukudanganya na macho yako ni mazima.

Rangi ya fedha ina chembe ndogo za alumini ndani yake. Mwanga ukizipiga kutoka juu unarudi hivi, ukizipiga kutoka pembeni unarudi vingine. Jinsi chembe zilivyolala inategemea rangi ilivyorushwa na gani (ile bunduki ya kupulizia rangi), unene wa rangi, hata hali ya hewa ya siku ile. Halafu gari lako limekaa kwenye jua la Mambrui miaka na miaka, ile fenda ilikuwa Japani. Namba moja, maisha mbalimbali.

Dawa yake kwa rangi za chembe ni kutoishia kwenye ukingo wa fenda. Fundi anapaka fenda nzima, kisha anairusha kwa kuififisha kidogo kuingia kwenye mlango wa mbele, halafu klia, ile rangi ya mwisho inayopitisha mwanga, inafunika mlango wote. Jicho likipita halipati mstari wa kusimama. Nyeupe isiyo na chembe kama ya Baba Probox ina huruma. Tofauti ikiwepo ni ya unjano kidogo, ukipiga polishi boneti na mlango inapungua.

Mzee Nyundo · Kwachocha

Mnazungumza kama kwamba kupiga bodi ni haramu. Mimi nimepiga fenda tangu enzi za Datsun. Kwenda Mombasa, nauli, godoro, kiti cha matatu cha fenda (!), na bado mtu wa rangi anakungoja. Mngeniletea, ningeinyoosha, tungemaliza. Vijana wanapenda kubadilisha kwa sababu mkono wa kunyoosha hawana.

Fundi wa Maweni · Malindi

Mzee wangu, shikamoo. Mkono wako hatuna wa kuulinganisha nao, na kijipondo cha ngumi nakuletea wewe, siendi kwingine. Fenda za enzi hizo bati lilikuwa nene, linakubali nyundo na linakubali kurudishwa kwa moto likakaza. Hizi za sasa ukilipiga mara tatu limetanuka, moto ukilikaribia linajikunja. Mkunjo mkali wa mstari, kama huu wa Baba Probox, hauondoki bila puti. Na puti unaifahamu kuliko mimi inavyofanya hapa pwani. Kuiweka nene juu ya bati lenye chumvi ni kupaka chokaa ukuta wa mawe unaotoa chumvi: Idi inapendeza, masika ikifika chokaa chote kiko sakafuni.

Mzee Nyundo · Kwachocha

Marahaba. Kwa mkunjo wa mstari nakupa. Lakini wakikuletea kijipondo uwarudishe kwangu.

Baba Probox · Barani, Malindi

Hapo sasa ndipo nilipotaka tufike, hii chumvi.

Kila anayelalamika Malindi kuwa rangi ya gari imetoa malengelenge, wa kwanza kulaumiwa ni rangi. "Rangi ya bei rahisi." "Amechanganya thina mbaya." Mimi nimeangalia wanavyofanya kazi na naamini lawama nyingi ni za maji. Fundi anapiga msasa wa maji, ndoo iko pembeni, na maji ya ndoo yametoka kisimani. Visima vyetu vingi karibu na bahari vina chumvi, unaionja ukipiga mswaki. Maji yanakauka juu ya bati, chumvi inabaki, praima (ile rangi ya kwanza ya kushika bati) inapakwa juu yake. Unyevu hupenya rangi pole pole, na chumvi iliyofungiwa chini inauvuta. Ndipo bati linapofura kutu chini ya rangi ambayo juu bado inang'aa. Hata uweke rangi ya ndege, itafura.

Kwa hivyo kwenye kazi hii nilitumia maji ya mfereji peke yake, yale yanayotoka Baricho, na yalipokatika nikasimamisha kazi. Niliosha fenda ya mtumba ndani na nje kwa sabuni ya vyombo, nikaisuuza kwa maji mengi, nikaikausha juani, nikaipangusa kwa thina na kitambaa safi. Huu mtumba umevuka bahari kwenye kontena na ukakaa uwanjani Mombasa. Usidhani ni msafi kwa sababu umetoka Japani.

Mikwaruzo miwili iliyofika kwenye bati niliipiga msasa mkavu wa namba 180, nikalainisha kingo za rangi kwa namba 320 iliyo laini zaidi, nikaweka praima ya epoksi siku ile ile. Bati tupu haliachwi lilale usiku Malindi. Umande wa alfajiri peke yake unatosha kulitia unjano.

Fundi wa Maweni · Malindi

Nimefurahi mtu asiye fundi kulisema hili, sisi tukisema tunaambiwa tunatafuta kisingizio.

Naongeza kidogo. Puti yenyewe hunywa maji. Ukiipiga msasa wa maji imekunywa, na kama maji ni ya kisima imekunywa na chumvi yake. Puti isuguliwe kavu, 80 kisha 180, mpaka praima iifunike. Msasa wa maji uanzie juu ya praima, 600 au 800, na maji matamu.

Saa ya kupaka nayo ina mambo. Alfajiri kuna umande, mchana wa kaskazi kuna vumbi. Mimi napenda kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande umeshakauka na upepo haujachangamka. Masika ya Mei sipaki nje kabisa.

Baba Probox · Barani, Malindi

Swali langu hapo bwana fundi. Ile mikwaruzo miwili nataka kuimalizia mwenyewe. Nimeona watu wanauza klia ya kuchanganya na hadena, ile dawa ya kuigandisha, na mwanangu ana kompresa ndogo ya tairi.

Fundi wa Maweni · Malindi

Usifanye hivyo, ndugu yangu.

Kwanza kompresa ya tairi haina pumzi ya kuendesha gani, itakutemea matone. Hilo ni dogo. Kubwa ni hadena. Klia iliyochanganywa na hadena ina kemikali iitwayo isosayaneti, na ikirushwa hewani ikaingia mapafuni inaweza kumpa pumu mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo, na akishaipata hata harufu ndogo tu baadaye inamkaba. Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii. Wanaofanya kazi hii sawasawa wanavaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kwetu wengi hawavai, najua, na najua wenzangu waliomaliza kifua. Uani kuna watoto, kuna jikoni la jirani.

Kwa mikwaruzo miwili, nenda duka la rangi wakuchanganyie 058 kwenye kopo la kupuliza, lile lisilo na hadena. Halitadumu sawa na lile jingine, lakini nyeupe hiyo haikuhitaji klia tangu kiwandani, na mahali penyewe ni padogo. Ukitaka iwe ya kiwanda, mpelekee mwenye chumba na vifaa vyake fenda ikiwa bado iko nje ya gari, hapo inapakwa hadi kingo za ndani.

Baba Probox · Barani, Malindi

Nimekubali. Kopo limetosha, na ukisimama hatua mbili huoni.

Sasa kufunga, na hapa nitarefusha kidogo maana ndipo penye ustadi wenyewe.

Kabla fenda haijarudi, tazama ulichofunua. Kati ya fenda na nguzo ya mlango kuna kipande cha sponji cha kuzuia sauti. Changu kilikuwa kizito, kimejaa mchanga na maji, na bati lililokaa nyuma yake lilishaanza kutu. Nahodha, hapo ndipo gari lako linapoliwa, kutoka ndani kuja nje. Nilikitupa, nikasugua kutu, nikapaka praima. Kipya ni kile cha sponji ngumu ya kandambili isiyokunywa maji.

Halafu fenda inapanda, na bolti zote zinaingia kwa vidole tu, hakuna kukaza. Matundu yamefanywa mapana makusudi, fenda inaweza kusogea juu, chini, mbele na nyuma. Weka utepe wa karatasi kwenye ukingo wa mlango na pembe ya boneti. Bila huo, mlango ukifunguka mara ya kwanza unamega rangi, kwa sababu ukingo wake wa mbele huingia ndani ya fenda kidogo.

Mimi nilianza na mlango. Bolti iliyojificha juu ya nguzo ndiyo inayoamua urefu wa fenda nyuma, kwa hivyo nilisawazisha mstari wa ubavuni uungane na wa mlango, nikaibana nusu. Kisha ya chini. Kisha nikashusha boneti pole pole, mke wangu ameinama upande wa pili anatazama kama inagusa. Mwanya tunaoutaka ni kama milimita nne, na vijiti viwili vya aiskrimu vikibandikwa pamoja ni kipimo tosha. Lakini kipimo cha kweli ni upande wa kulia wa gari ambao haukugongwa. Huko kama mwanya unapanuka kidogo kuelekea kwenye kioo, na huku upanuke hivyo hivyo.

Ukikaza bolti moja, nyingine inahama. Hapa ndipo watu hukata tamaa wakaleta nyundo. Usikaze moja hadi mwisho. Zungukia zote nusu nusu, fungua na ufunge mlango kila mara. Pale fenda iliposhuka chini ya boneti niliinua kwa washa moja (kile kipete bapa cha chuma) chini ya bolti. Taa na bampa ndizo za mwisho, na zenyewe hukwambia ukweli: kama taa haiingii bila kusukumwa, mbele bado hapajakaa.

Bolti zote nilizipaka grisi kwenye uzi. Ndani ya duara la tairi nimepulizia nta, juu ya bati safi na kavu.

Kaka Chumvi · Gongoni

Hiyo "safi na kavu" waandikie kwa wino mwekundu. Kuna watu hapa wanapaka lami ya chini ya gari juu ya matope na kutu. Chumvi imefungiwa ndani na mfuniko juu. Wengine wanapulizia oili chafu ya injini, inakula mipira na inachafua barabara.

Mpita Njia

Hamna anayeuliza hizo fenda za mtumba zinatoka wapi? Ndugu yangu aliibiwa vioo vya pembeni, akaenda kununua vingine, akauziwa vyake mwenyewe.

Baba Probox · Barani, Malindi

Swali zuri. Niliomba risiti yenye jina la duka na namba ya simu, na aliyesita nilimwacha. Ukitazama rundo lake unajua: mwenye kuleta nusu gari utaona fenda, boneti, milango na taa za gari moja pamoja, rangi moja. Mwenye kioo kimoja na taa moja ya kila aina ya gari la mtaani, jiulize.

Fenda yangu ya zamani nayo kijana wa mkokoteni aliitaka. Tangu Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 biashara hiyo inataka leseni, na mnakumbuka 2022 serikali iliisimamisha kabisa kuanzia Januari hadi Mei kwa sababu ya watu kung'oa nyaya na vyuma vya umma. Nilimpelekea mwenye leseni. Vipande viwili vizuri nimevikata nikaviweka. Bati asilia la kuziba tundu halipatikani kirahisi.

Bi Mambrui

Nami ya mwisho. Kama siku moja nikitaka kulipaka gari lote rangi nyingine niondokane na hii fedha, kuna shida?

Fundi wa Maweni · Malindi

Ukirudia rangi ile ile hakuna shida. Ukibadilisha, rangi imeandikwa kwenye logbuku, lazima NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani, wajulishwe na logbuku irekebishwe. Askari wa barabarani wa Kilifi hataki kusikia habari ya chembe za alumini.

Nahodha wa Mokowe · Lamu

Nimechungulia nyuma ya sponji leo. Ami, ni kama ulikuwepo. Fenda natafuta nzima, ila bati la nguzo lina tundu la shilingi, hilo vipi? Na klipu za plastiki ya tairi huku sizipati, kuna basi la kesho kutoka Malindi.

Baba Probox · Barani, Malindi

Nguzo ni ya kuchomelewa, usizibe kwa puti. Mtu wa gesi akate bati lililooza mpaka afike bati zima, achomelee kipande. Nitakupa kimojawapo cha vile nilivyokata. Klipu nitumie picha na upime tundu kwanza, kuna za milimita saba na za nane, nikikuletea za nane kwenye tundu la saba utazirudisha na punda. Basi linaondoka mapema, nijibu kabla ya Isha.

Nahodha wa Mokowe · Lamu

Za saba. Kumi na mbili. Picha imekuja.